Themostati ya Chumba cha Baridi: Jinsi ya Kuichagua, Kuifunga na Kuijaribu Kabla ya Kuweka Mali

Samaki anayetolewa baharini Kipini alfajiri hana muda mrefu. Asipowekewa barafu mapema, jua la saa sita litakuwa limeshaanza kumharibu kabla hajapata mnunuzi Garsen. Embe lililochumwa gumu kando ya Mto Tana nalo hulainika upesi msimu wa kaskazi, na maziwa yaliyokamuliwa bomani jioni yanaweza kuchacha kabla ya kufika sokoni. Ndiyo maana chumba cha baridi ni mali ya thamani katika Kaunti ya Tana River, kiwe cha kikundi cha wavuvi, cha chama cha ushirika cha wakulima au cha mwenye duka la nyama.

Wengi wanaponunua mtambo wa kupoza huuliza nguvu zake, bei yake na jinsi unavyokula umeme. Ni wachache wanaouliza kuhusu kisanduku kidogo cha ukutani kinachouamuru mtambo uwake au uzime. Kisanduku hicho ndicho themostati. Kikichaguliwa vibaya au kufungwa mahali pasipofaa, mtambo mzuri hufa mapema. Mali iliyomo nayo huoza kwa joto au huharibiwa na baridi iliyopita kiasi, huku mwenyewe akiamini mambo ni sawa kwa sababu anasikia feni ikizunguka.

Makala haya yanaeleza themostati inavyofanya kazi, kwa nini chumba cha baridi huhitaji ile ya kazi nzito, na mambo ambayo mwenye chumba anapaswa kuyaona yakifanywa kabla ya kumlipa fundi.

Inavyofanya kazi

Ndani ya themostati ya kawaida ya aina hii kuna mrija mwembamba wa shaba wenye gesi au kimiminika. Chumba kikipata joto, kilichomo ndani ya mrija hutanuka na kujaza kifuko cha chuma kinachofutuka kama mvukuto wa mhunzi. Kifuko husukuma swichi, viguso viwili vya chuma hukutana, na umeme hupita kwenda kuwasha kompresa. Chumba kikipoa, kifuko hunywea, viguso huachana na kompresa hunyamaza. Themostati za kielektroniki hutumia kihisi na saketi ndogo badala ya gesi, na huonyesha namba kwenye kioo, lakini kazi yake ni ile ile.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui, nalo ni pengo kati ya kuwaka na kuzima. Themostati iliyowekwa izime kwenye nyuzi 12 za Selsiasi haiwashi tena joto linapofika 12 na nukta. Husubiri hadi lifike, kwa mfano, 14. Pengo hilo la nyuzi mbili ndilo linaloipa kompresa nafasi ya kupumzika. Likiwa dogo mno, kompresa huwaka na kuzima kila baada ya dakika chache hadi iungue. Likiwa kubwa mno, mali hupata joto na baridi kwa zamu na kuharibika.

Jambo la tatu ni mwelekeo wa swichi. Themostati ya kupoza huunganisha umeme joto linapopanda. Ya kupasha joto, kama ile ya mashine ya kuangulia vifaranga, hufanya kinyume. Baadhi ya themostati zina vituo vya kazi zote mbili ndani ya kisanduku kimoja. Fundi akiunganisha waya kwenye kituo kisicho chake, mtambo utalala wakati chumba kina joto na kuwaka wakati kimeshapoa.

Kwa nini ya kazi nzito

Themostati nyingi za viyoyozi vya ofisini zimeundwa kwa umeme mdogo wa volti 24. Umeme wa nyumbani na madukani nchini Kenya ni volti 240, na mitambo mikubwa hutumia umeme wa nyaya tatu wa volti 415. Themostati ya volti 24 ikifungwa kwenye volti 240 itaungua, na inaweza kuwasha moto.

Hata ile ya volti 240 haitoshi kwa jina tu. Kompresa ya kilowati moja na nusu hula takriban ampea 8 ikiwa inaendelea na kazi. Lakini katika sekunde ya kuanza, mota huvuta mara tano au sita ya kiasi hicho, yaani ampea 40 na zaidi. Kila mara inapoanza, cheche ndogo huruka kati ya viguso vya themostati. Kifaa hafifu hakistahimili cheche hizo kwa muda mrefu.

Matokeo huwa mawili. Viguso vinaweza kuungua na kufanya masizi hadi umeme ushindwe kupita, chumba kikabaki na joto. Au vinaweza kushikana kana kwamba vimechomelewa, na mtambo ukaendelea kupoza usiku kucha bila kuzima. Mkulima anaweza kufungua mlango asubuhi akakuta kreti za maembe zimepoa kupita kiasi na ganda limeanza kubadilika rangi.

Kwa hiyo, kabla ya kununua, zisomwe namba zilizoandikwa kwenye kisanduku. Themostati inayofaa mota huwa na namba mbili za mkondo: ule wa kazi ya kawaida na ule wa kuanzia. Zote mbili ziwe kubwa kuliko zile zilizoandikwa kwenye kibati cha kompresa. Namba moja ya ampea isiyotaja mota huenda ni ya vifaa vya kupasha joto, visivyo na mvuto mkubwa wa kuanzia.

Kama kompresa ni kubwa, au ni ya volti 415, themostati haipaswi kubeba mzigo wake moja kwa moja. Hapo hufungwa kontakta, yaani swichi kubwa inayovutwa na sumaku. Themostati huiamuru kontakta kwa mkondo mdogo, na kontakta ndiyo hubeba mzigo wa kompresa. Hata kwa mitambo midogo, mpango huu huongeza maisha ya themostati.

Wanaotumia sola wawe waangalifu zaidi. Umeme wa betri hauzimi cheche kwa urahisi kama ule wa gridi, kwa hiyo themostati iliyoandikwa ampea 16 kwa volti 240 za gridi haiwezi kudhaniwa kuwa itafaa kwa ampea 16 za betri. Kisanduku kiwe kimeandikwa wazi kwamba kinafaa kwa umeme wa betri.

Kila mali na joto lake

Hakuna kipimo kimoja kinachofaa kila kitu. Samaki wabichi hutakiwa karibu na nyuzi 0, wakiwa wamezungukwa na barafu. Samaki waliogandishwa huhitaji nyuzi 18 chini ya sifuri. Nyama mbichi hukaa vizuri kati ya 0 na 4, na maziwa kwenye 4 au chini ya hapo.

Embe ni tofauti. Huhifadhiwa karibu na nyuzi 12 au 13. Likikaa kwenye baridi ya samaki, ganda huingia mabaka ya kijivu, na tunda hushindwa kuiva vizuri hata likitolewa nje. Anayeweka maembe na samaki katika chumba kimoja lazima apoteze kimojawapo, hata kama themostati yake ni nzuri namna gani.

Kwa upande wa samaki, hatari haiishii kwenye hasara ya fedha. Jodari na nguru wakikaa kwenye joto hutengeneza sumu isiyoondolewa na moto wa jiko wala na barafu inayowekwa baadaye. Mlaji huweza kuwashwa mwili, kuumwa kichwa na kutapika ingawa samaki alipikwa vizuri.

Mahali pa kuifunga

Themostati hujua joto la pale ilipo tu. Ikiwekwa karibu na mlango, kila mlango unapofunguliwa itadhani chumba kizima kimepata joto. Ikiwekwa mbele ya feni inayopuliza hewa baridi, itadhani chumba kimepoa na kuuzima mtambo mapema. Ikiwekwa kwenye ukuta unaopigwa na jua la alasiri, au karibu na taa, itausukuma mtambo ufanye kazi bila sababu. Ikizibwa na kreti zilizopangwa hadi juu, itapima joto la kreti hizo pekee.

Mahali pazuri ni pale hewa ya chumba inapopita ikirudi kwenye feni, kimo cha takriban mita moja na nusu kutoka sakafuni, mbali na mlango. Kihisi kisigusane na ukuta. Kiachiwe nafasi kidogo ili kipime hewa.

Kwa vyumba vingi, njia bora ni kuweka kisanduku nje, kivulini, na kuingiza mrija wa kihisi peke yake. Kisanduku hubaki pakavu na msimamizi huweza kusoma na kurekebisha bila kufungua mlango. Maeneo ya Kipini na pwani yote, ambako upepo una chumvi, kisanduku kiwe cha kufunga barabara chenye mpira pembeni, la sivyo kutu itaingia kwenye viguso.

Wakazi wa maeneo yanayofikiwa na maji ya Mto Tana wakumbuke pia mafuriko ya 2018 na yale ya mwisho wa 2023 hadi 2024. Themostati, kontakta, breka na soketi zote ziwekwe juu ya alama ambayo maji yamewahi kufika katika eneo hilo, hata kama ni zaidi ya mita moja na nusu. Kwa kuwa kisanduku huweza kukaa mbali na kihisi chake, jambo hili halina ugumu.

Hatua za kufunga

Kazi ya kuunganisha umeme si ya kujaribia. Chini ya Sheria ya Kawi ya 2019, hufanywa na fundi aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA). Mwenye chumba ana haki ya kuomba kuona cheti hicho kabla kazi haijaanza. Hatua zifuatazo ni za kumsaidia kujua kama kazi inakwenda inavyostahili.

1. Umeme huzimwa kwenye swichi kuu, na swichi hufungwa au huwekwa kibao ili mtu mwingine asiiwashe. Kisha fundi hupima nyaya kwa mita kuhakikisha hazina umeme. Kuzimika kwa taa ya kompresa si uthibitisho.

2. Fundi husoma kibati cha kompresa na maandishi ya themostati, akalinganisha volti na ampea. Husoma pia mchoro wa nyaya, ambao kwa kawaida hubandikwa ndani ya kifuniko.

3. Mahali hutiwa alama na kutobolewa kwa uangalifu, kwa kuwa ndani ya kuta za chumba cha baridi huweza kuwa na mabomba au nyaya.

4. Waya hupitishwa ndani ya bomba lake la plastiki. Kabla ya kuingia kwenye kisanduku, huachwa uning'inie kidogo ili maji yadondoke chini badala ya kuufuata waya hadi ndani. Tundu la ukuta na mdomo wa bomba huzibwa kwa silikoni. Hatua hii hurukwa mara nyingi. Hewa ya moto yenye unyevu ikipenya hapo, huipa themostati habari za uongo na kugeuka matone ya maji juu ya viungo vya umeme.

5. Themostati hukata waya wa moto, kamwe si nyutro. Ikikata nyutro, kompresa itanyamaza lakini itabaki na umeme, na atakayeigusa akidhani imezimwa anaweza kufa. Waya wa ardhi huungwa kwenye kila kisanduku cha chuma.

6. Rangi za nyaya zisiaminiwe bila kupimwa. Nyaya mpya huwa na kahawia kwa moto, buluu kwa nyutro, na kijani chenye mstari wa manjano kwa ardhi. Majengo ya zamani yana nyekundu na nyeusi, na mengine yameshapitiwa na mafundi wengi.

7. Mrija wa kihisi haukunjwi kwa pembe kali. Urefu unaobaki huviringwa kwa duara pana na kufungwa vizuri mahali ambapo kreti hazitausugua. Mrija ukipasuka, gesi hutoka na themostati hiyo haifai tena.

8. Skrubu zote hukazwa, kifuniko hurudishwa, kipimo huwekwa, ndipo umeme huwashwa.

Ifahamike kwamba kubadilisha themostati ya kawaida ya chumba hakuhitaji kufungua gesi ya mtambo. Fundi akisema lazima atoe gesi na kujaza nyingine, aulizwe sababu kabla ya kuruhusiwa.

Kuijaribu kwa maji ya barafu

Alama zilizochapishwa kwenye themostati huweza kukosea kwa nyuzi mbili tatu, hata ikiwa mpya. Kipimo cha kuaminika kipo karibu, na ni cha gharama ndogo. Barafu husagwa na kujazwa kwenye kikombe, huongezwa maji safi kidogo, kisha hukorogwa na kuachwa dakika chache. Mchanganyiko huo huwa nyuzi 0. Kipimajoto cha mkono kikitumbukizwa humo na kuonyesha 2, basi kinazidisha kwa mbili, na tofauti hiyo huandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani.

Kipimajoto hicho kilichohakikiwa huwekwa ndani ya chupa ya maji katikati ya chumba kitupu. Maji hayabadiliki joto ghafla mlango unapofunguliwa, kwa hiyo huonyesha hali inayokaribia ile ya mali yenyewe. Mtambo huachwa ufanye kazi siku nzima, mchana na usiku. Msimamizi huandika saa unapowaka, saa unapozima na joto la wakati huo. Kama joto la kuzimia halilingani na kipimo kilichowekwa, themostati hurekebishwa. Kama kompresa inawaka na kuzima kila dakika mbili tatu, pengo huongezwa au kihisi huhamishwa.

Mali huingizwa baada ya jaribio hilo kukamilika. Siku moja ya kusubiri ni hasara ndogo kuliko shehena nzima.

Umeme unapokatika

Umeme ukikatika na kurudi baada ya sekunde chache, ndani ya mtambo huwa bado kuna shinikizo kubwa la gesi. Kompresa ikilazimishwa kuanza hapo hapo, huvuta mkondo mkubwa na inaweza kuungua. Kwa hiyo kifungwe kicheleweshaji kinachoizuia kuwaka kwa dakika tatu hadi tano. Themostati nyingi za kielektroniki huwa nacho ndani. Zile za mrija huongezewa.

Themostati pia haiulindi mtambo dhidi ya volti zinazoshuka au kupanda. Kazi hiyo ni ya kilinda volti, ambacho hununuliwa peke yake. Wakati wa giza, mlango ubaki umefungwa, na saa umeme ulipokatika iandikwe.

Friji za chanjo zisiguswe

Maelezo haya hayahusu friji za chanjo katika zahanati na vituo vya afya. Chanjo nyingi za watoto huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8. Baadhi, kama ile ya pepopunda na ile ya kinga dhidi ya magonjwa matano, huharibika zikiganda, na mtoto aliyechanjwa kwa dawa iliyoharibika anaweza kurudi nyumbani bila kinga ambayo mzazi anaamini ameipata. Friji hizo zina vidhibiti vyake maalumu. Zikileta shida, chanjo huhamishiwa kwenye kasha la barafu kwa utaratibu wa wahudumu wa afya, na taarifa hutolewa kwa msimamizi wa chanjo wa kaunti ndogo. Themostati ya dukani isifungwe humo hata kwa dharura.

Baada ya kufunga

Kila chumba kiwe na daftari. Joto liandikwe mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, pamoja na jina la aliyelisoma. Joto linalopanda kidogo kidogo kwa siku kadhaa huonekana kwenye daftari kabla ya mtu yeyote kunusa harufu. Sauti ya kutatarika kwenye kisanduku, kifuniko chenye joto, harufu ya plastiki inayoungua, au kompresa isiyozima kabisa ni dalili za kuzima umeme na kumwita fundi siku hiyo hiyo. Jaribio la maji ya barafu lirudiwe angalau kabla ya kila msimu wa maembe, na wauza samaki walifanye mara nyingi zaidi.

Kabla ya kulipa, mwenye chumba aulize mambo matano: themostati inabeba ampea ngapi za mota, kihisi kiko wapi na kwa nini, matundu yote yamezibwa, kicheleweshaji kimefungwa, na jaribio la barafu lilionyesha nini. Fundi aliyefanya kazi yake vizuri hatachukizwa na maswali hayo. Kwa ushauri kuhusu joto linalofaa mazao, samaki au maziwa, wakazi wanaweza kumwona afisa wa kilimo, mifugo au uvuvi aliye karibu nao.